Siku 28 na majivu ya makaa ya mawe

Katika karibu kila mradi mkubwa wa ujenzi, zege huhukumiwa siku ya 28. Linapomwagwa, kiasi kidogo hujazwa kwenye kalibu, huachwa ligande, hutunzwa majini, kisha siku hiyo ikifika hupelekwa maabara na kukandamizwa kwa mashine mpaka lipasuke. Namba inayosomwa hapo ndiyo inayoingia kwenye faili, ndiyo inayomwezesha mkandarasi kulipwa, na ndiyo inayompa mhandisi usingizi. Kipimo hicho hujibu vizuri swali moja: zege hili litabeba mzigo au halibebi? Lakini ukiyatazama mazege yaliyobomoka kwenye magati, mifereji, mabomba ya maji machafu na misingi iliyozama katika udongo wa chumvi, utaona machache tu yaliyoelemewa. Mengi yameliwa taratibu na maji yenye salfeti, kloraidi au tindikali. Dawa mojawapo ya maradhi hayo ilikuwa ikitoka kwenye mabomba ya moshi ya vituo vya umeme tangu miaka ya 1920. Wahandisi waliitumia kwa miongo kadhaa kwa sababu nyingine kabisa, na nguvu yake dhidi ya kemikali ilichelewa kueleweka kwa kuwa kipimo walichokiamini kuliko vyote hakikuweza kuwaonyesha. Hiyo ndiyo hoja ninayoitetea hapa, na ushahidi wake unaanza kabla majivu ya makaa ya mawe hayajaingia kwenye zege.

Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, mikononi mwa Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds nchini Uingereza. Ilipoendelea kuboreshwa katika karne hiyo iliishinda chokaa kwa nguvu na kwa wepesi wa kuganda, na kasoro yake ikafunikwa na sifa hizo. Saruji hii ikikutana na maji huzaa vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni gundi ya kalsiamu na silika, ambayo ndiyo hasa inayoshikamanisha mchanga na kokoto. Cha pili ni haidroksaidi ya kalsiamu, yaani chokaa huru, ambayo huchukua kati ya asilimia 20 na 25 ya ujazo wa saruji iliyokwisha kuganda. Chokaa hii haiongezi nguvu ya maana. Huyeyuka majini, huwa ya kwanza kuliwa na tindikali, na salfeti ikiifikia huigeuza jasi. Ndani ya saruji mna pia aluminati ya kalsiamu, na hiyo ikikutana na jasi iliyozaliwa hivyo hutengeneza fuwele za umbo la sindano zinazodai nafasi kubwa kuliko vitu vilivyozizaa. Fuwele hizo zikiota katika zege lililokwisha kuwa gumu, zege hupasuka kutoka ndani, likaanza kumomonyoka kwenye pembe na kingo. Hayo hayakuwa siri. Louis Vicat, mhandisi Mfaransa, alichapisha mwaka 1857 uchunguzi wake kuhusu sababu za kikemia zinazofanya maji ya bahari yaharibu chokaa na saruji. Mwaka 1890 Mfaransa mwingine, Candlot, aliieleza chumvi inayounda fuwele hizo, na miaka miwili baadaye Mjerumani Wilhelm Michaelis akaiita bakteria ya saruji, ingawa hakuna kiumbe hai ndani yake. Kabla karne ya 20 haijaanza, basi, maradhi yalikwisha kujulikana kwa jina na kwa chanzo.

Dawa nayo ilikuwa kongwe kuliko maradhi. Vitruvius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza unga wa ardhi ya Baiae, karibu na mlima Vesuvius, ambao ukichanganywa na chokaa hukaza hata chini ya bahari. Mfalme Herode alipojenga bandari ya Kaisaria, majivu ya volkano ya ghuba ya Naples yalivushwa bahari nzima ya Mediterania kwenda kumwagwa huko. Huko Oman mafundi wa mifereji ya aflaji walichoma udongo, wakautwanga, wakauchanganya na chokaa ili kuta zizuie maji. John Smeaton, alipoujenga mnara wa taa wa Eddystone kati ya 1756 na 1759, alichanganya chokaa ya Aberthaw na pozolana, yaani majivu ya volkano ya namna hiyo, iliyotoka Civitavecchia. Wote walikuwa wakifanya jambo moja: kuipa chokaa silika iliyo tayari kushikana nayo, ili isibaki huru. Saruji ya Portland ilipotawala, desturi hiyo haikufa kabisa, ila ilisukumwa pembeni, maana pozolana huchukua muda na soko lilikuwa limeonja haraka.

Karibu na mwaka 1920 vituo vya umeme vya Marekani vilianza kusaga makaa ya mawe mpaka yakawa unga, kisha kuupuliza unga huo ndani ya tanuri. Kaboni huungua, lakini udongo na madini yaliyojificha ndani ya makaa hayaungui; huyeyuka, huruka na moshi kama vitone, na hupoa ghafla kabla hayajapata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Ukiyaweka chini ya darubini utaona golori za kioo, nyingi ndogo kuliko unene wa unywele, baadhi zikiwa tupu ndani na nyingine zimebeba golori ndogo zaidi tumboni. Kioo hicho kimejaa silika na alumina. Tofauti yake na majivu ya Vesuvius ni kwamba hili ni zao la tanuri lililowashwa na binadamu, nalo hutoka usiku na mchana, kwa malaki ya tani, mpaka wenye vituo wakawa hawana pa kuyamwaga. Mwaka 1937 Raymond Davis na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika jarida la Taasisi ya Zege ya Marekani utafiti mkubwa wa kwanza kuhusu saruji na zege lenye majivu hayo. Walichokiona kimethibitishwa mara nyingi tangu hapo: majivu yakiwa laini na yenye kaboni kidogo, zege huanza kwa kusuasua, kisha huendelea kukaza muda mrefu baada ya zege la kawaida kutulia. Ukilipima mapema utasema limeshindwa. Ukilipima baada ya mwaka utakuta limelifikia lenziwe au kulipita.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa kwa majivu haukuwa wa kemia. Ulikuwa wa joto. Saruji ikiganda hutoa joto, na katika bwawa nene joto hilo halina pa kutokea. Zege huvimba, kisha likipoa husinyaa na kupasuka. Kwenye bwawa la Hoover, lililojengwa kati ya 1931 na 1936, wahandisi walilazimika kutandaza ndani ya zege takriban kilomita 937 za mabomba ya chuma na kupitisha humo maji ya baridi. Majivu huganda polepole na kwa joto dogo, kwa hiyo yalivutia kwa sababu ile ile iliyowafanya wajenzi wa nyumba wayakatae. Yalijaribiwa mwaka 1942 katika kukarabati handaki la kumwagia maji ya ziada la Hoover hiyo hiyo, na kati ya 1948 na 1953 yakapata kazi yao kubwa ya kwanza, bwawa la Hungry Horse katika jimbo la Montana. Ukuta wake una kimo cha mita 172, na ndani yake zilimwagwa takriban tani 120,000 za majivu. Sidhani ni kwa bahati tu kwamba yalikubaliwa kwanza kwenye mabwawa. Bwawa halibebi mzigo wake siku ya 28. Maji hupanda nyuma ya ukuta kwa miezi na miaka, na ndiyo maana wasanifu wa mabwawa walikwisha kuzoea kudai nguvu ya siku 90, siku 180 au hata mwaka mzima. Majivu yalipata mahakama yenye subira, yakashinda kesi. Uskoti nako, bwawa la Lednock lilifuata njia hiyo miaka ya 1950.

Wakati huo huo, magharibi mwa Marekani na kwenye nyanda za Kanada, udongo wenye salfeti ulikuwa ukila mifereji na misingi. Jibu lililotolewa lilikuwa kubadili saruji yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 viwango vya Marekani viliweka aina tano za saruji ya Portland, na ile ya tano, ya kuhimili salfeti, iliruhusiwa kuwa na aluminati isiyozidi asilimia 5. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, na mpaka leo inaokoa kazi nyingi. Lakini ilimshughulikia mshirika mmoja na kumwacha mwingine. Chokaa huru ilibaki palepale, ikisubiri kuyeyuka au kugeuzwa jasi, na vinyweleo vya zege vilibaki wazi kwa maji kupita. Majivu hufanya kazi upande huo uliosahauliwa: silika yake huimeza chokaa huru na kuigeuza gundi, gundi hiyo huziba njia za maji, na kwa kuwa imechukua nafasi ya sehemu ya saruji, aluminati ya saruji nayo hupungua. Mambo matatu kwa mpigo, ila yote yanahitaji wiki na miezi. Hakuna hata moja linaloonekana vizuri kwenye mashine ya kukandamiza siku ya 28.

Ushahidi mkali kuliko wote wa hoja hii ulikuja kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1970 Marekani ilikaza sheria ya hewa safi, na kampuni za umeme zikakimbilia makaa ya Wyoming kwa kuwa yana salfa kidogo. Makaa hayo yana kalsiamu nyingi, na majivu yake hubeba chokaa ambayo mara nyingi huzidi asilimia 20, tofauti na majivu ya makaa ya mashariki, ambayo kwa kawaida huwa chini ya 10. Majivu mapya yalipendwa mara moja. Yakitiwa maji hukaza yenyewe. Zege lake hukomaa mapema. Siku ya 28 huleta namba inayomfurahisha kila mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwango cha Marekani kikayapa daraja lake, C, kando ya daraja F la majivu ya zamani. Kwa macho ya mashine, C ilikuwa bora. Kisha Edwin Dunstan, mtafiti wa Idara ya Umwagiliaji ya Marekani, akaonyesha kinyume chake kwenye maji ya salfeti. Mwaka 1980 alichapisha kanuni fupi: chukua asilimia ya chokaa iliyomo kwenye majivu, toa 5, kisha gawanya kwa asilimia ya oksidi ya chuma. Jibu likiwa chini ya 0.75, majivu huongeza sana ustahimilivu; kati ya 0.75 na 1.5 huongeza kiasi; kutoka 1.5 hadi 3 hayabadilishi kitu cha maana; likizidi 3, majivu yenyewe hulidhoofisha zege. Tuseme majivu yana chokaa asilimia 25 na chuma 5.5: ishirini kwa tano na nusu ni zaidi ya 3.6, na mteja aliyeongeza majivu ili kujikinga na salfeti amenunua salfeti njia ya kuingilia. Majivu yenye chokaa asilimia 3 hutoa jibu lililo chini ya sifuri.

Kanuni hiyo ilipingwa, na ilistahili kupingwa. P. Kumar Mehta wa Berkeley alisema mwaka 1986 kwamba chokaa na chuma ni dalili tu. Kinachoamua ni alumina iliyomo kwenye majivu iko katika umbo gani na ni kiasi gani chake kiko tayari kushikana na salfeti. Majivu yenye kalsiamu nyingi huweza kuja na aluminati yake mwenyewe, ile ile inayokwepwa kwenye saruji. Naona Mehta alikuwa sahihi kuhusu sababu, na Dunstan alikuwa sahihi kuhusu onyo. Majivu yaliyosifiwa zaidi na kipimo cha mapema ndiyo yaliyoshindwa zaidi kwenye chumvi, na hilo halikugunduliwa mpaka mtu alipoyaweka ndani ya chumvi. Kipimo cha Marekani kilichokubaliwa miaka ya 1980 kwa ajili hiyo kina jambo moja la kuvutia. Vijiti vya chokaa ya saruji, virefu kidogo kuliko sentimita 28, hutumbukizwa kwenye maji yenye salfeti ya sodiamu asilimia 5, na urefu wake hupimwa kwa miezi, kutafuta uvimbe wa sehemu chache za elfu kumi. Lakini havitumbukizwi kwa tarehe. Husubiriwa mpaka sampuli za mchanganyiko huo huo zifikie nguvu ya megapaskali 20, hata kama ni siku ngapi. Yaani walioandika kipimo hicho walikubali rasmi kwamba kalenda si hakimu wa haki kwa majivu.

Mfano wa karibu zaidi uko Dubai. Maji ya chini ya ardhi katika kiwanja cha Burj Khalifa yalikutwa na kloraidi inayofikia asilimia 4.5 na salfeti inayofikia 0.6, chumvi inayozidi ya bahari yenyewe. Jengo limesimama juu ya nguzo 194 zilizochimbiwa, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 1.5 na urefu wa takriban mita 43, na hakuna atakayerudi kuzikagua moja moja. Zege la nguzo hizo lilikuwa la megapaskali 60, lakini wasanifu hawakutegemea namba hiyo kulikinga. Walitumia asilimia 25 ya majivu ya makaa ya mawe na asilimia 7 ya mafusho ya silika, wakapunguza maji mpaka uwiano wa 0.32 kwa saruji na viungo vyake, wakaongeza na kinga ya umeme kwa nondo. Anayesema majivu ni njia ya kuchakachua saruji aanzie hapo.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kwa mkandarasi, ni kwamba muda ni fedha. Mbao za zege haziwezi kukaa juu wiki sita zikisubiri kemia. Ni kweli, na sioni sababu ya kulazimisha majivu mengi kwenye slabu ya ghorofa inayotakiwa kufunguliwa wiki ijayo. Lakini msingi, gati, bomba la maji machafu na ukuta wa bwawa haviko kwenye haraka hiyo, na huko ndiko kemikali ziliko. Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi: chokaa huru ndiyo inayolinda nondo zisishike kutu, kwa kuweka mazingira yasiyo na tindikali; majivu yakiimaliza, hewa ya kabonidayoksaidi hupenya haraka zaidi. Hili nalikubali kwa zege jembamba, lililo kivulini, lililonyimwa maji wiki ya kwanza. Zege la majivu lisipomwagiliwa hupata hasara zote za majivu bila faida hata moja, maana vinyweleo havijazibwa na chokaa imekwisha kupungua. Jibu lake ni kumwagilia na kuzifunika nondo kwa zege nene la kutosha. Anayejua hatapata usimamizi wa kumwagilia asitumie majivu mengi. Kwenye zege lililozama majini au ardhini, ambako hewa hiyo haifiki kwa wingi, pingamizi hili hupoteza makali.

Kuna pia wanaozidisha sifa. Mwaka 1945 C. D. Parker, huko Melbourne, alitambua bakteria wanaogeuza gesi ya mabomba ya maji machafu kuwa tindikali ya salfa juu ya kuta za zege. Tindikali kali ya namna hiyo huila hata gundi yenyewe, na majivu huweza kuchelewesha tu. Bomba la namna hiyo linahitaji kupitishiwa hewa au kuvishwa utando wa plastiki. Kusema majivu yanahimili kemikali bila kutaja kemikali ipi ni maneno ya muuzaji.

Pingamizi la sumu linastahili jibu la moja kwa moja. Majivu ya makaa ya mawe hubeba aseniki, seleni na metali nyingine. Tarehe 22 Desemba 2008 ukuta wa dimbwi la majivu la kituo cha Kingston, Tennessee, ulipasuka na kumwaga zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope juu ya ardhi na mto. Lakini yaliyomwagika Kingston ni yale ambayo hayakuingia kwenye zege. Mamlaka ya Mazingira ya Marekani ilitathmini zege la majivu mwaka 2014 na kukuta kwamba kinachovuja humo kinalingana na cha zege la kawaida au kiko chini ya viwango vya hatari. Anayeshika majivu makavu kiwandani ndiye anayehitaji barakoa.

Lililobaki ni kwamba baadhi ya nchi zinaachana na makaa ya mawe kama nishati. Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Kenya haikuwahi kujenga cha Lamu. Mahakama ya mazingira ilifuta kibali chake Juni 2019. Mtu atauliza basi kwa nini tuhangaike na historia ya majivu ambayo huenda tusiyapate. Ni kwa sababu kinacholinda zege ni kioo cha silika, na kioo hicho hakina haja ya kutoka kwenye makaa. Udongo wa kaolini ukichomwa vizuri hufanya kazi inayofanana, na Afrika Mashariki ina volkano. Viwanda vya saruji vya Mbeya, Tororo na Hima vimekuwa vikichanganya pozolana ya asili kwenye saruji yao. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, utaulizwa kama unataka ya 32.5 au ya 42.5; ya kwanza, ambayo mara nyingi ndiyo yenye pozolana nyingi, utaambiwa ni ya kupigia lipu na kujengea tofali, na ya pili ni ya zege. Namba zote mbili ni megapaskali za siku ya 28. Zinaeleza uwezo wa kubeba, na kwa hilo muuzaji hakukosea, lakini hazina neno hata moja kuhusu chumvi ya Mtwara au Mombasa.

Kiwango cha saruji cha Ulaya, ambacho mpangilio wake wa majina ndio unaosomwa kwenye mifuko yetu, kililiona pengo hilo mwaka 2011 na kuongeza herufi SR kwa saruji zinazohimili salfeti. Saruji tupu ya Portland haipati herufi hizo isipokuwa klinka yake, yaani mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji, ina aluminati isiyozidi asilimia 5. Saruji ya pozolana inaruhusiwa kufika asilimia 9, na tofauti hiyo ya asilimia 4 ndiyo imani ambayo pozolana imejipatia baada ya miaka mingi ya vijiti kulowekwa kwenye salfeti. Imani hiyo pia ina mpaka: viungo vinavyokubaliwa ni pozolana ya asili na majivu yenye silika tu, na majivu yenye chokaa nyingi yameachwa nje. Mhandisi wa gati akikosa herufi hizo kwenye mfuko, anaweza kuomba cheti cha klinka kiwandani na kusoma aluminati ni asilimia ngapi, kisha akaandika kwenye mkataba kwamba sampuli zitavunjwa siku ya 90.